Gita la Ridhimu Alipiga Nani?

Hotuba kwa wapenzi wa muziki wa dansi

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wapenzi wa zilipendwa, habari za jioni.

Pigeni "Sina Makosa" popote pale: harusini Tanga, kwenye baa ya Nakuru, ndani ya basi linaloingia Bujumbura. Watu wataanza kuimba kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Waulizeni bendi gani, mtajibiwa kwa pamoja: Les Wanyika! Sasa waulizeni gita la ridhimu alipiga nani, lile linalozunguka chini ya wimbo mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Hapo ukumbi unanyamaza. Alipiga Omar Shabani, waliyemwita Profesa. Alifariki mwaka 1998, na mwaka 2000 akamfuata mpiga solo wa bendi hiyo hiyo, John Ngereza.

Mmetaka tuzungumze habari ya kupeana nyimbo tunazozipenda, na kuwakumbuka wanamuziki waliotangulia mbele ya haki bila majina yao kuvuma. Nina jambo moja tu la kusema, na muda uliobaki nitaeleza jinsi ya kulitenda: wimbo usitoke mkononi mwako bila majina ya waliopiga.

Tubaki kidogo na hao Wanyika, maana historia yao inaonyesha majina yanavyopotea. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wa damu kutoka Tanga, walianza na Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, wakaunda Simba Wanyika. Novemba 1978 waliokuwa nyuma yao wakajiondoa: Omar Shabani, aliyekuwemo tangu 1972, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams na mwimbaji Issa Juma. Wakaunda Les Wanyika, wakamchukua Ngereza, wakafanya mazoezi kama miezi sita, wakaanza kupiga Garden Square jijini Nairobi. Baadaye Issa Juma naye akatoka na kuwa na Super Wanyika yake. Bendi zote hizo zinabeba neno Wanyika, na wanamuziki wanapishana mlangoni. Leo mtu anachanganya nyimbo zao kwenye flashi moja, anaandika "Wanyika" na kuishia hapo. George alifariki 1992, Wilson 1995. Kazi yao na kazi ya waliowakimbia zimekaa chungu kimoja, na asiyejua hawezi kuzitenganisha tena.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni kuandika jina la bendi na kudhani umemaliza. Wanamuziki wetu walihama sana. Sauti ya Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, utaikuta NUTA Jazz, utaikuta Mlimani Park, utaikuta Safari Sound, kisha utaikuta tena Msondo. Kuitambua sauti hakukupi bendi, wala kuijua bendi hakukupi mwaka. Michael Enoch yeye alitoka Dar es Salaam Jazz akaja Mlimani Park, akafundisha wengi hadi wakamwita Ticha, na alipiga zaidi ya chombo kimoja. Ukiandika "Enoch, gita" kwa nyimbo zote, umemkosea. Orodha ya wapigaji hufanywa kwa wimbo mmoja mmoja.

Kosa la pili ni kumpa kiongozi kila kitu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bendi haikufa naye. Juma Kilaza aliishika na kuiongoza miaka mingi, akiimba na kutunga. Mara ngapi mmeona faili limeandikwa "Salum Abdallah 1972"? Hiyo ni miaka saba baada ya mazishi yake. Anayeandika hivyo anadhani anamheshimu Salum, kumbe anamnyang'anya Kilaza. Mbaraka Mwinshehe naye, aliyefariki kwa ajali huko Kenya tarehe 12 Januari 1979, hupewa kila wimbo wenye gita tamu kutoka Morogoro, hata ule ambao hakuugusa.

Sasa, majina mtayapata wapi?

Anzeni na jina la bendi lenyewe, maana linataja umri. Jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina, bendi yake nayo ilibadili. NUTA Jazz ni ya tangu 1964, JUWATA Jazz inaanza mwishoni mwa miaka ya 1970, OTTU Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Msondo Ngoma. Faili likisema "NUTA Jazz 1985", moja kati ya hayo mawili si kweli. Kisha sikilizeni jina la mtindo wa bendi, kwa kuwa waimbaji wenyewe huutaja katikati ya wimbo. Ukisikia Sikinde uko Mlimani Park, Saboso uko Western Jazz, Segere Matata uko Tabora Jazz, Afrosa uko Afro 70 ya marehemu Patrick Balisidya, aliyefariki 2004. Bendi nyingine ilikuwa na mitindo miwili au mitatu kwa nyakati tofauti, kama Morogoro Jazz, ambayo Likembe ni mmoja tu wa mitindo yake, na hapo mtindo unakusaidia kukisia miaka.

Baada ya hapo ingieni kwenye chemko. Wimbo wa dansi una sehemu ya kwanza ya kuimba taratibu, kisha gita zinakazwa, tarumbeta zinaingia, watu wanacheza. Ndipo wapigaji wanapoitana kwa majina. Sikilizeni kwa spika za masikioni, mrudie sekunde kumi kumi, mkiandika kila jina hata kama mmelisikia nusu. Santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika ilibeba kama dakika nne au tano upande mmoja, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa katikati, upande wa kwanza na wa pili. Wengi wanaonakili huchukua upande wa kwanza peke yake kwa sababu ndio wenye maneno, na chemko, pamoja na majina yote yaliyotajwa humo, linabaki kwenye santuri. Nakilini pande zote mbili, mziweke kwenye mafaili mawili kama zilivyo, kisha mkitaka mtengeneze faili la tatu lililounganishwa.

Lebo ya santuri ipigwe picha pande zote mbili, mchana kivulini, bila mwako wa kamera kwa sababu karatasi inang'aa na maandishi yanapotea. Nakilini jina la lebo, namba ya toleo, jina lililo kwenye mabano chini ya jina la wimbo, na pia ile namba iliyochorwa kwa mkono kwenye sehemu tupu kati ya mwisho wa mistari na karatasi. Namba hiyo ni ya kiwandani, na mara nyingi inaonyesha nyimbo zipi zilikatwa pamoja. Jina la kwenye mabano lichukulieni kwa tahadhari. Kwa kawaida ni la mtunzi, lakini lipo pia la kiongozi wa bendi aliyekwenda kutia saini.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni wazee waliokuwepo, na kuna namna ya kuwauliza. Ukimwuliza mzee "bendi ile walikuwemo akina nani?", atakupa majina matano makubwa unayoyajua tayari. Mpigie sekunde arobaini za gita peke yake, simamisha, uliza: "Huyu ni nani?" Hapo kumbukumbu inafunguka kwa njia nyingine. Atasema huyu ana mkono mzito, huyu si fulani, fulani alikuwa ameshaondoka, huyu ni yule kijana aliyetoka Dodoma. Waulizeni wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wasisikilizane. Wakitofautiana, andikeni yote mawili na nani kasema. Alama ya kuuliza mbele ya jina si aibu. Aibu ni kubahatisha, kwa sababu ukishaliweka jina mtandaoni, watu hamsini watalinakili na kesho litaitwa ukweli.

Na tahajia: andikeni kila umbo mnalolikuta. Marijani Rajab na Rajabu, Mwinshehe na Mwinyshehe, Omar na Omari, Bitchuka na Bichuka. Anayetafuta kwa umbo moja asimkose aliyeandikwa kwa jingine.

Kuna watu ambao hata njia hizi haziwafikii, nami nasikitika kulisema. George Mukabi wa Magharibi ya Kenya, bingwa wa omutibo, mtindo wa gita wa huko kwao, aliuawa mwaka 1963 na jina lake bado lipo. Lakini katika santuri za gita kavu za zama zile utasikia krrr-krrr, krrr-krrr nyuma ya gita. Hiyo ni chupa ya Fanta yenye mikunjo, inayokwanguliwa kwa kitu cha chuma. Yule anayeikwangua ndiye aliyeshika mwendo wa wimbo wote, na lebo nyingi hazikumtaja kabisa. Kwa mtu kama huyo andikeni "chupa: hajulikani". Pengo lililoandikwa linaweza kujazwa siku mjukuu wake atakapolisoma. Pengo ambalo halikuandikwa hakuna atakayejua kwamba lipo.

Nije kwenye kaseti, kwa sababu sehemu kubwa ya urithi huu imo kwenye kaseti za majumbani, nyingi zikiwa zimerekodiwa kutoka redioni, na unyevu wa pwani hauzihurumii. Kabla ya kucheza kaseti ya zamani, ifungueni mwangani. Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa ukanda, hiyo ni kuvu. Msiitie kwenye mashine, itachafua kichwa na kuambukiza kaseti nyingine zote. Itengeni kwenye mfuko, isubiri fundi. Angalieni pia kijisponji kidogo kilicho katikati, mbele ya ukanda. Kikiwa kimeanguka, sauti itafifia na kurudi, na watu watasema kaseti imekufa kumbe ni sponji tu. Hamisheni ukanda kwenye ganda zima lenye skrubu. Halafu pelekeni kaseti mbele mpaka mwisho na mrudishe mpaka mwanzo mara moja kabla ya kurekodi, ili tabaka zilizoshikamana ziachiane.

Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, usikimbilie kuongeza treble kwenye kompyuta. Mara nyingi kichwa cha mashine yako hakikukaa sawa na cha mashine iliyorekodi. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Izungusheni polepole, robo ya mzunguko au chini ya hapo, huku mkisikiliza matoazi ya drams. Yakiwa makali kabisa, simameni. Kisha pimeni kasi. Mashine ikienda haraka kwa asilimia sita, wimbo wote umepanda nusu toni, na mwimbaji kama Marijani anasikika kama kijana asiyebalehe. Chukueni gita, tafuteni noti za wimbo. Zikiangukia katikati ya noti mbili za gita, si hapa wala si pale, huenda kasi imekosewa.

Santuri ni rahisi kidogo. Zile za plastiki zisafishwe kwa maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa brashi laini inayofuata mzunguko, lebo isilowe, zikaushwe kwa kusimamishwa. Zile nzito za inchi 10, za mizunguko 78, msiziguse kwa spiriti, kwa sababu spiriti inayeyusha shellac, gundi inayozishikilia. Na zinataka sindano yake pana, ya mikroni 76 hivi. Ile nyembamba ya santuri za kisasa huzama chini ya mfereji na kusoma takataka. Siti binti Saad na wenzake Subeit, Buda, Mbaruk na Mwalimu Shaaban wamo kwenye santuri za aina hii, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Anayesugua santuri hizo kwa spiriti anawafuta watu watano kwa pamoja.

Rekodini kwa biti 24 na kilohezi 48, kilele cha sauti kisipite desibeli sita chini ya sifuri. Faili la WAV la namna hiyo linakula kama megabaiti 17 kwa dakika, yaani wimbo wa dakika kumi ni megabaiti 170 na ushee. Hilo ndilo la kuhifadhi, katika sehemu mbili zilizo mbali. La kupeana litoeni kwenye hilo, MP3 ya kilobiti 192, megabaiti 14 kwa wimbo ule ule. Msisafishe mikwaruzo kwa programu hadi wimbo ung'ae. Programu hiyo hiyo inafuta ukali wa kamba za ridhimu, na tumerudi kumpoteza Omar Shabani.

Na sasa WhatsApp, ambako majina mengi hupotelea siku hizi. Ukituma wimbo kama sauti, mpokeaji anaupata ukiwa umebatizwa upya: AUD, tarehe, WA0007. Anautuma kwa mwingine, naye kwa mwingine, na baada ya wiki moja wimbo wa Tabora Jazz hauna Tabora wala mwanamuziki wake Shem Karenga, aliyetutoka Desemba 2014. Utumeni kama hati, pale palipo na alama ya karatasi, jina la faili litabaki. Jina la faili liwe fupi: bendi, wimbo, mwaka kama unajulikana. Wapigaji waandikeni ndani ya faili, kwenye nafasi ya maoni, kwa programu yoyote ya kuhariri taarifa za nyimbo. Kisha muwaandike tena kwenye ujumbe unaofuatana na wimbo, kwa sababu simu nyingi hazionyeshi yaliyo ndani.

Kwa jioni za kusikiliza pamoja, hesabu yake ni hii: nyimbo 12 za dakika tisa tisa ni dakika 108, ongezeni dakika moja ya maneno kabla ya kila wimbo, mmetimiza saa mbili. Ikizidi hapo watu wanaanza kuongea, na mkiongea juu ya muziki mmeshavunja shughuli. Anayeleta wimbo aseme majina na chombo cha kila mmoja, aketi. Sifa zije baadaye. Spika ziwe mbili, kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, zikiachana mita mbili au tatu. Kile kispika kidogo cha bluetooth msikilete. Kamba nzito ya besi inatetema mara 41 kwa sekunde, na kispika hicho hakifiki huko, kwa hiyo mpiga besi ndiye wa kwanza kuzikwa. Wala msipandishe besi kupita kiasi kwenye spika kubwa, mtamzika wa ridhimu. Wimbo ukiisha, rudieni sehemu moja fupi, mkiwaomba watu wafuate chombo kimoja tu. Asiyewahi kusikiliza ridhimu peke yake huwa anastaajabu kwamba ilikuwepo siku zote.

Kabla ya kumtangaza mtu kuwa marehemu, hakikisheni kwa familia au kwa bendi yake. Tanzia za uongo zinaumiza, na mzee anayeishi kwa shida Mwananyamala hapaswi kusoma habari za msiba wake kwenye simu ya mjukuu. Tarehe ya kifo iulizwe nyumbani. Mara nyingine familia inakumbuka mwezi wa Kiislamu, kwa mfano siku ya nne ya Ramadhani, nanyi mtalinganisha na kalenda. Na familia ikisema picha fulani isitumike, isitumike.

Kuhusu haki niseme kwa kifupi. Sheria ya Tanzania inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa Mbaraka hiyo ni hadi mwisho wa 2029. Kusikiliza pamoja sebuleni ni jambo moja, kuuza flashi za nyimbo za marehemu wakati watoto wake hawana ada ni jambo jingine. Mkikusanya chochote mlangoni, kipelekeni kwao.

Mashine iko tayari, tuanze. Wimbo ni "Sina Makosa". Bendi ni Les Wanyika, Nairobi. Sauti, marehemu Issa Juma. Gita la solo, John Ngereza, alifariki 2000. Besi, Tom Malanga. Drams, Rashid Juma. Gita la ridhimu, Profesa Omar Shabani, alifariki 1998. Naomba simu zizimwe, na kwa mara hii mfuateni yeye.